Ndege Moja, Nchi Nyingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kununua Ndege za Kivita kwa Pamoja

Naishi Edmonton, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Cold Lake, mojawapo ya kambi mbili kuu za ndege za kivita za Kanada. Kodi inakatwa kwenye mshahara wangu kila baada ya wiki mbili, na sehemu yake inaelekea kwenye ndege 88 za F-35, ndege ya kivita ya Kimarekani ambayo Kanada ilitangaza kuinunua. Ndugu na marafiki wa huku na wa nyumbani wananiuliza kila mara: hizi fedha zote za nini, na kwa nini nchi tajiri zinanunua ndege kwa kuchangiana? Nimeyakusanya maswali yao hapa. Pale ninapotoa maoni yangu, nimesema ni yangu.

Kununua "kwa pamoja" ni kufanya nini hasa?

Njia ziko tatu, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza, nchi kadhaa hukaa meza moja tangu mchoro wa kwanza, zikachanga fedha na kugawana kazi. Ndivyo Uingereza, Ujerumani na Italia zilivyopata Tornado, kisha zikiwa pamoja na Hispania zikapata Eurofighter Typhoon. Ya pili, nchi moja kubwa huanzisha mradi wake na kuwakaribisha wengine kama wabia wadogo. Hiyo ndiyo F-35. Ya tatu, nchi ndogo huungana kama wanunuzi, zikamwendea muuzaji kwa sauti moja na kudai bei moja pamoja na kazi kwa viwanda vyao. Hii ya tatu imesahaulika sana, nami naiona ndiyo bora. Nitairudia.

Nani wamo kwenye F-35?

Wabia wa mwanzo walikuwa tisa: Marekani, Uingereza, Italia, Uholanzi, Kanada, Australia, Norwei, Denmark na Uturuki. Walipangwa kwa ngazi kufuatana na mchango wa kila mmoja. Uingereza, iliyoahidi takriban dola bilioni 2, ilikuwa peke yake kwenye ngazi ya kwanza. Italia na Uholanzi zilikaa ya pili, waliobaki ya tatu. Kampuni ya Lockheed Martin ilikabidhiwa kazi Oktoba 2001 baada ya kuishinda Boeing.

Israel, Japani, Korea Kusini, Ubelgiji, Poland, Finland, Uswisi, Ujerumani na wengine walikuja baadaye kama wateja tu, wakinunua kupitia serikali ya Marekani. Uturuki ilitolewa.

Ndege moja ni bei gani?

Hapo ndipo mabishano yote yanapoanzia, kwa sababu kila anayejibu anahesabu kitu kingine.

Mwaka 2019 Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, na Lockheed Martin walikubaliana kwamba F-35A ya kundi la 14 la uzalishaji ingeuzwa dola milioni 77.9, injini ikiwemo. Bei hiyo ni ya kweli, lakini ni ya chombo kitupu kilichosimama mlangoni mwa kiwanda. Haimo silaha, haimo mafunzo ya rubani na mafundi, haimo mashine za kufanyia mazoezi, haimo karakana mpya, halimo ghala la vipuri. Helmeti peke yake, ile inayomwonyesha rubani picha za kamera zilizouzunguka mwili wa ndege, inatajwa kuwa takriban dola 400,000.

Kisha inakuja miaka ya kuirusha. Aliyewahi kufuga ng'ombe wa maziwa anajua bei ya mnadani si kitu ukilinganisha na pumba, dawa na mshahara wa mchungaji kwa miaka kumi. Aprili 2024 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilisema kuzitunza F-35 za Marekani peke yake hadi zistaafu kutagharimu dola trilioni 1.58. Mwaka 2018 makadirio yalikuwa trilioni 1.1. Na ongezeko hilo limetokea huku majeshi yenyewe yakipanga kuzirusha ndege hizo saa chache kuliko yalivyopanga mwanzo.

Jeshi la anga la Marekani liliwahi kujiwekea kikomo cha dola milioni 4.1 kwa ndege kwa mwaka. Ilipoonekana hakifikiki, kikomo kikapandishwa hadi milioni 6.8. Ndege haikupata nafuu yoyote, ila tarakimu ya kuipimia ndiyo iliyosogezwa.

Kanada ilifikaje kwenye ndege 88?

Nitakaa hapa kidogo, maana kisa hiki nimekiishi.

Julai 2010 serikali ya Stephen Harper ilitangaza itanunua F-35 65 kwa dola za Kanada bilioni 9, bila kushindanisha zabuni. Machi 2011 afisa wa bajeti wa Bunge akatoa hesabu yake: bilioni 29.3 kununua na kutunza. Wizara ya Ulinzi ikamjibu kwamba amekosea, jumla ni bilioni 14.7. Aprili 2012 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Michael Ferguson, akaonyesha kwamba wakati wizara inatoa jibu hilo, ndani ya makabati yake ilikuwa na hesabu nyingine ya takriban bilioni 25. Desemba mwaka huo kampuni ya uhasibu ya KPMG, iliyoajiriwa na serikali yenyewe, ikapiga hesabu ya miaka 42 ikapata bilioni 45.8. Mpango ukasimamishwa.

Zitazame hizo tarakimu: 9, 14.7, 25, 29.3, 45.8. Ni ndege zile zile 65, na hakuna aliyeongeza hata moja. Kilichobadilika ni miaka iliyohesabiwa na vitu vilivyoingizwa. Kwangu mimi kosa kubwa la kisa kizima halikuwa ndege. Kosa lilikuwa kumpa mbunge karatasi yenye hesabu moja huku nyingine ikibaki kabatini.

Mwaka 2015 Justin Trudeau aliingia madarakani akiwa ameahidi hatanunua F-35. Ndege za zamani, CF-18 zilizoanza kazi 1982, ziliendelea kuzeeka, hata ikabidi kununua Hornet, ndege za aina hiyo hiyo zilizotumika, kutoka Australia ili kujazia. Miaka ikapita, zabuni ikashindaniwa, na Januari 2023 serikali hiyo hiyo ya Trudeau ikatangaza F-35 88 kwa bilioni 19. Juni 2025 Mkaguzi Mkuu Karen Hogan akasema bei imefika bilioni 27.7, na bado zitahitajika angalau bilioni 5.5 nyingine kwa majengo na silaha ili ndege hizo zifanye kazi zote. Alisema pia kwamba majengo mapya ya Cold Lake na ya Bagotville, ile kambi kuu nyingine, yalikuwa nyuma ya ratiba kwa zaidi ya miaka mitatu, na marubani hawakutosha.

Kwa hiyo mtu akiniambia "Kanada ilikataa F-35 ikaokoa fedha", namwambia hapana. Tulilipa kwa kusubiri, kisha tukailipa ndege.

Si ilisemwa kwamba ndege moja kwa majeshi mengi itakuwa nafuu?

Ilisemwa, na ukiisikia hoja mara ya kwanza inaingia akilini: mchoro mmoja, kiwanda kimoja, vipuri vya aina moja, wanunuzi wengi wa kugawana gharama.

Baba yangu na wadogo zake wawili waliwahi kununua lori kwa pamoja. Mmoja alitaka kubeba mbao, mwingine vitunguu, wa tatu ng'ombe wa mnadani. Wakampelekea fundi chasisi, akaambiwa atengeneze bodi itakayofaa kote kuwili na kwa wa tatu pia. Mbavu za pembeni zikanyanyuliwa kwa ajili ya ng'ombe, sakafu ikazidishwa mbao, mlango wa nyuma ukakatwa upya mara mbili. Nakumbuka nimesimama gereji nikitazama cheche za kuchomelea, na ba'mdogo akinung'unika kwamba lori limekuwa zito kabla halijapakia chochote. Lilifanya kazi zote tatu, lakini kila safari lilikunywa dizeli ya lori la ng'ombe, hata likibeba gunia kumi za vitunguu.

F-35 ina sura tatu. A inaruka kwenye njia ya kawaida. C ni ya meli za kubeba ndege. B, iliyotakiwa na kikosi cha Marine cha Marekani na pia Uingereza, inapaa kwa njia fupi na kutua wima, na kwa hiyo ina feni kubwa iliyolazwa nyuma ya kiti cha rubani. Feni hiyo ililazimisha umbo la zote tatu. Mwaka 2004 iligundulika B imezidi uzito kwa zaidi ya kilo 1,000, na wahandisi wakatumia muda mrefu kukwangua uzito huo kipande kwa kipande, mpaka sehemu yake ya ndani ya kubebea mabomu ikapunguzwa ukubwa. Mwanzoni ilitegemewa sehemu nyingi za ndege hizi zifanane. Mwaka 2016 mkuu wa mradi, Jenerali Christopher Bogdan, alisema zinazofanana ni kama asilimia 20 hadi 25 tu.

Taasisi ya RAND ya Marekani ilichunguza jambo hili, na Desemba 2013 ikahitimisha kwamba kihistoria miradi ya ndege moja kwa majeshi mengi haijaokoa fedha, na kwamba ndege tatu tofauti huenda zingegharimu pungufu.

Kulikuwa na kosa jingine juu ya hilo: uzalishaji ulianza kabla majaribio hayajaisha. Kila kasoro iliyopatikana angani ikabidi irekebishwe kwenye ndege zilizokwisha kutoka kiwandani. Mwaka 2012 Frank Kendall, aliyekuwa akisimamia manunuzi ya Pentagon, aliuita uamuzi huo uzembe wa kitaaluma, mbele ya watu.

Na Ulaya, kwenye Eurofighter, mambo yalikuwa nafuu?

Ndege ni nzuri na marubani wanaipenda. Jinsi ilivyojengwa ndiko kunakouma.

Nchi nne ziligawana kazi kwa kiasi cha ndege ambazo kila mmoja ataagiza: Uingereza karibu asilimia 37, Ujerumani 29, Italia 20, Hispania 14. Sehemu ya mbele ya mwili inatoka Uingereza. Sehemu ya kati inatoka Ujerumani. Bawa la kushoto linatoka Italia na la kulia Hispania. Unaweza kusimama chini ya ndege moja, ukanyosha mikono miwili, ukawa umegusa viwanda vya nchi mbili. Vipande vyote hivyo haviishii karakana moja. Viko vituo vinne vya kuunganishia: Warton, Manching, Caselle karibu na Turin, na Getafe karibu na Madrid. Kila nchi inaunganisha zake. Fikiria vyombo vinne vya kupimia, timu nne za wakaguzi, majengo manne, kwa ndege ambazo kituo kimoja kingezimaliza.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ufaransa ilijitoa 1985 kwa sababu ilitaka ndege nyepesi ya kutua kwenye meli, na ilitaka kuongoza mchoro. Mwaka 1992 waziri wa ulinzi wa Ujerumani, Volker Rühe, karibu aiondoe nchi yake. Mpango wa ndege 765 ukashuka hadi 620. Ndege ikaruka mara ya kwanza Machi 1994 na kuanza kazi jeshini 2003. Uingereza ilipopunguza idadi, gharama za uchoraji hazikupungua nayo, zikagawanywa kwa ndege chache: ofisi ya ukaguzi ya Uingereza ilisema Machi 2011 kwamba gharama ya kila ndege imepanda asilimia 75.

Kuna ununuzi wowote wa pamoja uliofanikiwa?

Upo. Juni 1975 Ubelgiji, Denmark, Uholanzi na Norwei ziliamua kununua F-16, ndege ya kivita ya Marekani, kwa pamoja: Ubelgiji 116, Uholanzi 102, Norwei 72, Denmark 58, jumla 348. Zilikataa kutenganishwa na wauzaji, ingawa Ufaransa iliwashawishi vikali wachukue ndege yake ya Mirage. Kwa kushikamana zilipata kikomo cha bei cha takriban dola milioni 6 kwa ndege, kwa thamani ya wakati ule. Viwanda vyao vikapewa kazi yenye thamani ya asilimia 40 ya ndege zao wenyewe, asilimia 10 ya ndege 650 za kwanza za Marekani, na asilimia 15 ya zile za wateja wengine. Ndege ziliunganishwa Ubelgiji na Uholanzi.

Miaka ya tisini nchi hizo hizo zilirudi meza moja zikaziboresha pamoja, rada na kompyuta mpya. Norwei ilizistaafisha mwanzoni mwa 2022. Baadhi ya zile za Denmark na Uholanzi zilianza kupelekwa Ukraine 2024, zikiwa bado zinaruka.

Kwa nini ilifaulu? Walinunua ndege ambayo mfano wake wa majaribio ulikuwa umekwisha kuruka. Hakuna aliyeomba feni katikati. Walichoungana nacho ni mfuko na sauti, wakawaachia wahandisi uhandisi wao.

Ajira zinazoahidiwa ni za kweli?

Ni za kweli, lakini hesabu yake husemwa nusu. BAE ya Uingereza hutengeneza sehemu ya nyuma ya kila F-35, iwe inakwenda Texas, Italia au Japani kuunganishwa. Hiyo ni kazi ya maelfu ya watu kwa miongo. Kanada nayo ililipa ada zake za ubia miaka yote ile ya kusitasita ili kampuni zake ziendelee kuruhusiwa kushindania kandarasi, na zilizipata.

Tofauti na Eurofighter ni kwamba F-35 haina mgawo wa kazi uliopangwa kwa kila nchi. Kampuni hushindana kwa bei na ubora. Hilo linapunguza gharama, lakini linamaanisha waziri hawezi kumwahidi fundi wa jimbo lake kazi kwa mdomo. Akikuahidi, muulize mkataba uko wapi.

Mbia anaweza kufukuzwa?

Uturuki ilifukuzwa. Ilikuwa imepanga ndege 100, ilikuwa imeshalipa zaidi ya dola bilioni moja, na kampuni zake zilikuwa zinatengeneza zaidi ya vipande 900 vya ndege hiyo. Juni 2018 ndege yake ya kwanza ilikabidhiwa kwa sherehe Fort Worth, Texas, lakini haikuondoka Marekani. Tarehe 12 Julai 2019 mitambo ya kutungulia ndege ya S-400 kutoka Urusi ilianza kuwasili Ankara. Siku tano baadaye Ikulu ya Marekani ikatangaza Uturuki haimo tena. Kuhamisha kazi ya kampuni zake kulikadiriwa kugharimu Marekani yenyewe dola milioni 500 hadi 600. Oktoba 2025 Uturuki ikakubaliana na Uingereza kununua Typhoon 20.

Kila upande ulikuwa na sababu zake. Somo kwa mnunuzi ni kwamba fedha na kazi ya kiwanda havikupi funguo za ndege.

Ni kweli Marekani inaweza kuzima F-35 za wengine kwa kubonyeza kitufe?

Uvumi huo ulivuma sana Machi 2025, wakati Donald Trump alipokuwa akiitaka Greenland, eneo la Denmark, na kuiita Kanada jimbo la Marekani. Pentagon ilikanusha kwamba kitufe hicho kipo, nami siamini kipo.

Lakini hakihitajiki. Ndege hii inaishi kwa programu za kompyuta na kwa mafaili ya data yanayoitambulisha rada na makombora ya adui, na mafaili hayo yanaandaliwa Marekani. Hata maabara inayozihudumia Australia, Kanada na Uingereza iko ndani ya kambi ya Eglin, Florida. Vipuri navyo vinatoka kwenye mfuko wa pamoja unaosimamiwa na Marekani. Ukinyimwa hivyo, ndege yako haizimiki leo, ila inafifia wiki kwa wiki. Rasmus Jarlov, wakati huo mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya Bunge la Denmark, alisema waziwazi kwamba anajutia kushiriki kuichagua. Hata hivyo, Oktoba mwaka huo huo Denmark iliagiza 16 zaidi. Hilo lenyewe linakuonyesha jinsi ilivyo vigumu kutoka ukishaingia.

Vipuri vya pamoja vinahusiana vipi na vita vya wengine?

Vinahusiana sana, na swali hili linanisumbua kuliko la bei.

Woensdrecht, kusini mwa Uholanzi, kuna ghala la vipuri vya F-35 vinavyomilikiwa na Marekani na kusambazwa kwa nchi zinazoirusha, Israel ikiwemo. Februari 2024 mahakama ya rufaa ya The Hague iliiamuru serikali ya Uholanzi isimamishe ndani ya siku saba kupeleka vipuri hivyo Israel, kwa sababu ya yaliyokuwa yakitokea Gaza. Serikali ikakata rufaa. Septemba 2024 Uingereza ilisimamisha leseni kama 30 za kuuza silaha Israel, lakini vipande vya F-35 vinavyoingia mfuko wa pamoja ikaviacha, ikieleza kwamba haiwezi kuvizuia bila kuathiri ndege za nchi zote. Juni 2025 Mahakama Kuu ya London ikakataa kuingilia uamuzi huo.

Fikiria boksi dogo kwenye rafu, lina namba tu, halina jina la nchi. Mfanyakazi anayelibandika karatasi ya safari hajui litafungwa kwenye ndege ya Norwei inayolinda mpaka au ndege inayokwenda kupiga mabomu mtaani. Serikali iliyotia saini ubia nayo imejifunga kwa namna ambayo wapiga kura wake hawakuambiwa. Naona kila bunge linalojadili ununuzi wa namna hii lingepaswa kuulizwa hilo kabla ya kuulizwa kasi na urefu wa mruko.

Kwa hiyo F-35 ni ndege mbaya?

Hapana. Ikiwa hewani ni chombo cha ajabu: haionekani kirahisi na rada, na inakusanya habari nyingi na kuwagawia wenzake. Israel iliitumia vitani 2018, na ndiyo iliyochaguliwa karibu kila ilipowekwa kwenye ushindani Ulaya. Shida ni ardhini. GAO ilikuta Machi 2023 kwamba ni asilimia 55 tu ya ndege za Marekani zilizokuwa tayari kwa kazi, huku zaidi ya vipande 10,000 vikisubiri foleni ya matengenezo.

Uswisi ilipataje bei iliyofungwa, isiyoweza kupanda?

Haikupata. Kura ya maoni ya Septemba 2020 ilipitisha ndege mpya kwa asilimia 50.1, tofauti ya chini ya kura 9,000. Mwaka uliofuata serikali ikachagua F-35 36 ndani ya faranga bilioni 6, ikisisitiza bei imefungwa. Mwaka 2025 Marekani ikasema hapakuwa na bei iliyofungwa, na nyongeza itakuwa kati ya dola milioni 650 na bilioni 1.3. Mwananchi aliyepiga kura ya ndiyo alipigia hesabu ambayo pande mbili za mkataba ziliisoma tofauti.

Nchi haiwezi kujenga yake?

Ufaransa iliweza. Baada ya kutoka kwenye Eurofighter ilijenga Rafale peke yake, na kwa miaka mingi haikuuza nje hata moja. Egypt ilipoagiza 24 mwaka 2015 mlango ukafunguka: Qatar, India, Ugiriki, kisha Falme za Kiarabu 80 kwa mpigo Desemba 2021. Uswidi nayo inatengeneza Gripen, ndogo na nafuu kuirusha, ingawa injini yake asili yake ni Marekani. Baada ya hao wawili, orodha ya Ulaya Magharibi imekwisha.

Na Afrika?

Afrika Kusini ilisaini mwaka 1999 mkataba mkubwa wa silaha ambao ndani yake zilikuja Gripen 26. Mwaka 2013 serikali ilikiri kwamba 12 kati yake zimewekwa stoo kwa sababu hakuna fedha za kuzirusha. Septemba 2021 mkataba wa matengenezo ukaisha, na ndege zote zikakaa chini kwa takriban mwaka mzima. 

Uganda ilinunua Su-30 sita za Urusi mwaka 2011. Pamoja na vifaa vingine, bili ilikuwa takriban dola milioni 740, na Bunge liliombwa kuidhinisha fedha zikiwa zimeshatoka Benki Kuu. Hapo hapakuwa na mbia wa kuuliza maswali wala mkaguzi wa kigeni wa kuonyesha hesabu ya pili. Nimeilaumu sana Kanada hapo juu, lakini najua zile tarakimu tano kwa sababu kuna watu walioajiriwa kuzitafuta na sheria iliyowalinda walipozisema.

Watu huniuliza kama Jumuiya ya Afrika Mashariki ingeweza kununua ndege kwa pamoja. Kwa ndege za kivita sioni, wakati nchi wanachama zenyewe zinashukiana juu ya mpaka wa Kongo na Rwanda. Kwa ndege za uokoaji na doria ya bahari, naona inafaa kujadiliwa.

Ubia unaofuata ni upi?

Iko miradi miwili. Uingereza, Japani na Italia zilitangaza GCAP, mradi wao wa ndege mpya ya kivita, Desemba 2022, ndege ikitarajiwa 2035. Ufaransa na Ujerumani zilianza FCAS, mradi wao kama huo, 2017, Hispania ikajiunga 2019. Kwenye FCAS, Dassault ya Ufaransa na Airbus, inayobeba sehemu ya Ujerumani na Hispania, zimegombana miaka kadhaa juu ya swali moja: nani ataongoza mchoro wa ndege yenyewe. Ni swali lile lile lililoitoa Ufaransa kwenye Eurofighter 1985, na safari hii pia Ufaransa inataka ndege itakayotua kwenye meli.